Gesi Ibebe Nusu, Bawa Libebe Nusu: Hesabu ya Ndege Chotara

Mabawa mawili ya Cessna 172, ile ndege ndogo ya viti vinne ambayo marubani wengi duniani wamejifunzia, yana nafasi ya ndani ya kama mita 2.4 za ujazo. Toa matangi ya mafuta, toa mbavu zote, ziba kila tundu, kisha jaza heliamu mpaka pomoni. Utakuwa umeipunguzia ndege hiyo kilo mbili na nusu. Yenyewe, ikiwa imepakia kila kinachoruhusiwa, ina kilo 1,111.

Naanza na tarakimu hiyo kwa sababu wazo la kuoanisha gesi nyepesi na mabawa huwajia watu wengi likiwa limevaa nguo za jambo lililo wazi. Heliamu hupaisha puto. Basi iwekwe ndani ya ndege, ili injini ikizima angani chombo kishuke polepole, kisianguke. Si wazo la kipuuzi. Wahandisi makini wamelishughulikia kwa zaidi ya nusu karne, na vyombo vya namna hiyo vimeruka kweli. Ila lina gharama yake, na gharama hiyo huanza na ukubwa wa chombo.

Mita moja ya ujazo ya hewa, usawa wa bahari na kwenye nyuzi 15, ina kilo 1.225. Mita hiyohiyo ya heliamu ina gramu kama 170. Tofauti, yaani kilo 1.05, ndiyo uwezo wote wa kuinua. Haidrojeni inafika kilo 1.14, nyongeza ya asilimia nane tu, na inawaka. Hakuna gesi ya siri itakayogunduliwa kesho ikabadilisha hesabu hii: hata ukiweka ombwe tupu, huwezi kuzidi kilo 1.225. Ukipanda juu, hewa inakuwa nyepesi na faida inapungua. Kwenye mwinuko wa Mbeya, mita 1,700, kila mita ya ujazo ya nafasi inainua kama gramu 890. Kwenye mita 3,000 ni gramu 780.

Kwa hiyo, kuibeba Cessna yetu yote kwa gesi kunahitaji mita za ujazo 1,060 usawa wa bahari. Hilo ni puto la duara lenye kipenyo cha mita 12.6, wakati mabawa ya ndege yenyewe, ncha hadi ncha, ni mita 11.

Tuseme basi tusiwe wachoyo. Gesi ibebe nusu, mabawa yabebe nusu. Hapa ndipo hoja ya usalama inapokuwa na nguvu, kwa hiyo tuikague vizuri. Kila bawa lina kasi ya chini ambayo likishuka chini yake haliwezi tena kubeba mzigo, na ndege inadondoka. Kwa Cessna 172 kasi hiyo ni kama kilomita 89 kwa saa. Uwezo wa bawa hukua kwa mraba wa kasi, hivyo ukilipunguzia mzigo kwa nusu, kasi hiyo inashuka hadi kilomita 63. Nguvu ya kishindo cha kugonga ardhi nayo inafuata mraba wa kasi: inabaki nusu. Ukiangukia shamba la mahindi, tofauti hiyo ni kati ya kuvunjika mguu na kupoteza maisha.

Lakini kuna jambo ambalo watetezi wa wazo hili hulipita haraka. Gesi huondoa uzito kwenye mizani; haiondoi kitu chenyewe. Kilo 1,111 za chuma, mafuta na watu bado zipo, bado zinakwenda, na bado zinahitaji nguvu ileile kuzisimamisha au kuzigeuza. Juu yake sasa umefunga puto la mita za ujazo 530, kipenyo cha mita 10. Hata ukilichonga umbo refu linalopenya hewa vizuri, kwa makadirio yangu ukinzani wa hewa unakuwa mara nne ya ule wa ndege peke yake. Kwa injini ileile, mwendo wa safari unaporomoka kutoka kilomita 226 kwa saa hadi kama 140. Na upepo wa kilomita 60 kwa saa, ambao rubani wa Cessna ya kawaida angeulalamikia tu, sasa unakula karibu nusu ya mwendo wako.

Wazo hili lina pia mpinzani ambaye ni mdogo na rahisi zaidi. Ndege za Cirrus, zilizopata cheti mwishoni mwa miaka ya 1990, hubeba parachuti ya ndege nzima iliyokunjwa nyuma ya viti. Rubani akivuta mpini, roketi ndogo inaichomoa na ndege yote inashuka ikining'inia. Uzito wake ni makumi ya kilo tu, haiongezi ukinzani wowote mpaka siku ya shida, na imeokoa watu zaidi ya 250. Kwa ndege ndogo, basi, shauri limekwisha: ukitaka kushuka polepole injini ikizima, nunua parachuti.

Gesi inaanza kuwa na maana chombo kinapokuwa kikubwa mno. Sababu yake ni ya darasani. Chukua kitambaa cha gramu 400 kwa mita ya mraba. Puto la kipenyo cha mita moja linainua kilo 0.55, na kitambaa chake peke yake kina kilo 1.26, halijiwezi. Puto la mita 10 linainua kilo 550 na kitambaa chake ni kilo 126. La mita 50 linainua karibu tani 69 kwa kitambaa cha tani tatu na kidogo, ingawa kwa ukubwa huo utalazimika kutumia kitambaa kizito zaidi. Ujazo unakimbia kuliko ngozi. Ndiyo maana chombo chotara kinachojulikana zaidi leo, Airlander 10 cha kampuni ya Uingereza ya Hybrid Air Vehicles, kina urefu wa mita 92, mita 19 kupita Airbus A380, na kinameza mita za ujazo 38,000 za heliamu ili kubeba mzigo wa tani 10. Hakina mabawa ya kawaida. Kiwiliwili chake kipana, mithili ya mapaja mawili yaliyounganishwa, ndicho bawa. Gesi hubeba kama asilimia 60 ya uzito, na zilizobaki hubebwa na mwendo.

Kwa nini 60, na si 100? Fikiria chombo cha tani 30 kinachobebwa chote na gesi. Kimefika, kimeshusha tani 10 za saruji. Sasa gesi inavuta juu kwa tani 10 zaidi ya uzito uliobaki, na usipopakia maji mita 10 za ujazo papo hapo, chombo kinaondoka bila kuaga. Chotara haina tabu hiyo. Gesi yake inabeba tani 18. Ikishusha mzigo inabaki na tani 20, bado imelemea chini kwa tani mbili, inakaa. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo la maana kuliko yote katika wazo zima, na cha ajabu ni kwamba linahusu kupakua kuliko kuruka.

Wajerumani walilijua tatizo hilo mwaka 1917 na wakalitatua kwa njia ya ukatili. Zepelini L 59, yenye urefu wa mita 226 na haidrojeni mita za ujazo 68,500, iliondoka Jamboli, Bulgaria, tarehe 21 Novemba ikiwa na kama tani 15 za risasi, dawa na vifaa vya jeshi la kamanda wa Kijerumani Lettow-Vorbeck katika eneo ambalo leo ni Tanzania. Haikutarajiwa kurudi, kwa kuwa huku hakukuwa na haidrojeni ya kuijazia. Ilitengenezwa ili ichanwe ikifika: kitambaa kiwe mahema. Mchana, jua la jangwani lilitanua gesi ikabidi waiachie. Usiku gesi ikapoa, chombo kikawa kizito na kikashuka hadi karibu na ardhi. Kilichokibakiza hewani ni kutupa mizigo na kuinua pua ili kiwiliwili chenyewe kifanye kazi ya bawa. Juu ya Sudan iliitwa kwa redio irudi. Ilitua Jamboli tarehe 25, baada ya saa 95 na kilomita 6,757, wastani wa kilomita 71 kwa saa. Siku hiyohiyo Lettow-Vorbeck alikuwa akivuka Ruvuma kuingia Msumbiji.

Sasa pesa. Bei ya heliamu hupanda na kushuka. Nikichukua dola 14 kwa mita ya ujazo, karibu na makadirio ya wanajiolojia wa serikali ya Marekani ya miaka ya karibuni, kuijaza Airlander ni kama dola 530,000. Kwa chombo cha ukubwa huo hizo si pesa za kutisha. Upatikanaji wake nao si kikwazo. Dunia huzalisha takriban mita za ujazo milioni 170 kwa mwaka, na chombo kimoja ni sehemu mbili katika elfu kumi ya kiasi hicho. Tanzania inaweza siku moja kuwa muuzaji: mwaka 2016 watafiti wa Oxford na Durham pamoja na kampuni ya Helium One walitangaza makadirio ya futi za ujazo bilioni 54, sawa na mita bilioni 1.5, katika bonde la Rukwa. Visima vya karibuni vimetoa gesi yenye heliamu ya asilimia tano hivi, kiwango kikubwa sana kwa gesi hiyo. Wateja wa kwanza, hata hivyo, watakuwa hospitali zenye mashine za MRI na viwanda vya chipu za kompyuta. Ndege zitasubiri foleni.

Kinachouma ni chombo chenyewe. Airlander ilizaliwa kama mradi wa jeshi la Marekani wa mwaka 2010, chini ya Northrop Grumman, kwa mkataba ulioweza kufika dola milioni 517. Ilitakiwa ikae angani siku 21 mfululizo kwenye futi 20,000. Ilipokamilika ilikuwa imezidi uzito kwa pauni 12,000, yaani kilo 5,400 hivi, na wakaguzi wa bunge la Marekani waliandika kwamba siku 21 zimekuwa nne au tano. Iliruka mara moja, Agosti 2012. Mwaka uliofuata mradi ulifutwa na chombo kikauzwa kwa dola 301,000 kwa Waingereza waliokisanifu. Kwa bei ya leo, pesa hizo hazitoshi hata kukijaza gesi.

Tukilinganishe na ATR 72, aina ambayo abiria wa Precision Air wanaifahamu. ATR hubeba tani 7.5 kwa kilomita 510 kwa saa, ikiwa na injini za jumla ya nguvu za farasi 4,950. Airlander: tani 10, kasi isiyozidi 150, nguvu 1,300. Kwa kila tani inayosogezwa kilomita moja, chotara inatumia nguvu pungufu kwa theluthi moja. Hapo waandishi wa matangazo huweka kalamu chini. Ongeza upepo wa mbele wa kilomita 40 kwa saa: faida inashuka hadi asilimia 16. Na kwa kila saa, ATR moja inafanya kazi ya Airlander mbili na nusu. Dar es Salaam hadi Mwanza, kilomita 850 hivi za moja kwa moja, ni saa moja na dakika 40 kwa ATR, na zaidi ya saa tano na nusu kwa chotara. Mshahara wa rubani na riba ya benki huhesabiwa kwa saa.

Na usalama, uliokuwa sababu ya yote haya? Watu hukumbuka moto wa 1937 wa Hindenburg, zepelini ya haidrojeni, waliokufa 36, na kudhani heliamu imemaliza maneno. Jeshi la majini la Marekani lilitumia heliamu katika vyombo vyake vya angani tangu miaka ya 1920. Shenandoah ilikatwa na dhoruba Ohio mwaka 1925, wakafa 14. Akron ilitumbukia baharini nje ya New Jersey Aprili 1933 na kuua 73 kati ya 76. Haikuwaka, na bado iliua mara mbili ya Hindenburg. Macon ikafuata mwaka 1935, wawili. Zote tatu zilishindwa na upepo.

Upepo bado ndiye adui. Ubavu wa chombo cha mita 92 ni tanga lisilokunjika. Nikikadiria mita za mraba 1,500 na kukata nusu kwa sababu ya umviringo, upepo wa kilomita 40 kwa saa unausukuma kwa nguvu ya karibu tani sita. Upepo wa 80, tani 23. Airlander iliruka mara ya kwanza Uingereza, uwanja wa Cardington, tarehe 17 Agosti 2016. Siku saba baadaye, katika kutua kwa pili, iligonga ardhi kwa pua na chumba cha marubani kikapondeka. Iligonga taratibu kiasi kwamba hakuna aliyeumia, na hapo watetezi wana haki ya kujigamba. Novemba 2017 ilichomoka kwenye mlingoti wake ikiwa imeegeshwa, na mfumo wa dharura ukaipasua na kuitoa gesi yote ili isipeperuke. Haikuruka tena.

Tangu hapo kampuni imepata oda za kuhifadhi nafasi kutoka kwa Air Nostrum ya Hispania, 10 mwaka 2022 na baadaye zikawa 20, kwa toleo la abiria 100 katika safari fupi. Ukizisoma habari hizo, tafuta humo tarakimu moja ambayo kwa kawaida haichapishwi: ni siku ngapi kwa mwaka, kwenye uwanja husika, upepo wa ardhini unazidi kiwango ambacho chombo kinaruhusiwa kutua na kufungwa kwenye mlingoti. Kwa shirika la ndege, siku hizo zinafutwa kwenye ratiba hata gesi ingekuwa ya bure.