Je, Wajua? Twiga Huishi Kando ya Mji wa Garissa

Familia ya mwalimu au muuguzi aliyehamishiwa Garissa kutoka bara haihitaji kusafiri mbali kuona wanyamapori. Hifadhi ya jamii ya Bour-Algi iko kilomita chache tu kusini mwa mji, na humo twiga wa Kisomali hula majani ya migunga huku ngamia na mbuzi wa wafugaji wakipita karibu nao. Inapendeza mno kwa mtoto aliyemjua twiga kwa picha za vitabuni tu!

Wakati wa kwenda una maana yake. Kiangazi kikikaza, twiga husogea kuelekea Mto Tana kutafuta maji na majani mabichi. Mvua za vuli zinapoanza, kwa kawaida Oktoba hadi Desemba, nyika huchipua nao hutawanyika. Basi nendeni kabla ya mvua, alfajiri, kabla jua halijawa kali. Mtoni msiwaache watoto wakaribie maji, kwani mna mamba na viboko.

Ndani zaidi, upande wa Ijara, hifadhi ya Ishaqbini hutunza hirola, swala aliye hatarini kabisa kutoweka duniani.