Lugha ya C (Sehemu ya Nne): Tusione Uvivu Kuweka Mabano

Februari 2024 Ikulu ya Marekani ilitoa ripoti ikiwahimiza watengenezaji wa programu wahamie lugha zinazolinda zenyewe kumbukumbu ya kompyuta, na ikazitaja C na C++ kuwa hazina ulinzi huo. Tangu hapo nawasikia vijana wakiitupia C lawama zote. Kabla hatujaihukumu lugha, tuwatazame wanaoiandika, na hasa wanavyoyatumia mabano.

Nasaba yake tunaijua: BCPL ya Martin Richards ikazaa B ya Ken Thompson, B ikazaa C mikononi mwa Dennis Ritchie pale Bell Labs. Katika B alama ya & ilikuwa na kazi mbili: kushughulikia biti za namba na, ndani ya sharti, kusema "hili pamoja na lile". Ritchie alipoileta && ichukue kazi ya pili, ilifaa & ipandishwe daraja iwe juu ya ==. Hakuipandisha. Alichelea kuharibu programu zilizokwisha kuandikwa, na baadaye alieleza mwenyewe kwamba wakati ule zilikuwa kilobaiti mia kadhaa tu, katika vituo vitatu. Vituo vitatu! Matokeo yake, hadi leo anayeandika x & 1 == 0 akitaka kujua kama x ni namba shufwa, kompyuta hulinganisha kwanza 1 na 0, ikapata sifuri, na sharti halitimii kamwe. Sahihi ni (x & 1) == 0. Mabano mawili tu, jamani.

Kisha yapo mabano yaliyopinda, ya kufungia amri. C huruhusu yaachwe sharti linapokuwa na amri moja, na wengi huyaacha wakidhani ndio ufundi. Februari 2014 Apple ililazimika kusambaza marekebisho ya haraka kwa simu za iPhone. Mstari "goto fail;" ulikuwa umeandikwa mara mbili chini ya sharti lisilo na mabano. Wa kwanza ulitii sharti. Wa pili, ingawa ulisogezwa ndani sawasawa na mwenzake, haukutawaliwa na sharti lolote. Ulitekelezwa kila mara, ukaruka uhakiki wa saini ya kidijitali, na programu ikajibu kwamba hakuna kosa. Mdukuzi aliyejipenyeza katika mtandao angeweza kujifanya benki yako. Mabano yangekuwepo, mstari ule wa pili ungefungiwa ndani usimdhuru mtu. Anayeyaacha anamtwisha mzigo mwenzake atakayeirekebisha programu kesho, na huko ni kukosa adabu ya kazi.

Ama ripoti yenyewe, ni kweli mabano hayazuii data kufurika nje ya nafasi iliyotengewa, na Linux ilianza kuipokea Rust, mojawapo ya lugha zenye ulinzi huo wa kumbukumbu, katika toleo la 6.1, Desemba 2022. Lakini C iliyokwisha kuandikwa ni nyingi mno, na lazima itunzwe. Tangu toleo la 6 la mwaka 2016, kompaila ya GCC hutoa onyo pale mstari uliosogezwa ndani unapomdanganya msomaji. Ongeza -Wall katika amri yako ulipate. Sehemu ijayo tutaingia kwenye viashiria.