Bloga, Acha Kuomba Kampuni 'Kolabo': Hivi Ndivyo Pichi ya Pesa Huandikwa

"Hey, mimi ni bloga, napenda sana brandi yenu, naomba tufanye kolabo." Kama umeshawahi kutuma hii meseji, unajua jibu lake. Tiki mbili za bluu, halafu kimya. Wasee huishia kusema Kenya hii ni kujuana tu. Kujuana kuko, si uongo. Lakini hebu isome tena ukijifanya wewe ndiye meneja. Blogu inahusu nini? Nani huisoma? Utafanya nini, na kwa pesa ngapi? Hujaambiwa kitu, umeombwa tu. Na huyo meneja ana bosi atakayeuliza hiyo doo ilileta nini. Hawezi kumjibu eti "kuna kijana alikuwa anatupenda".

Rada ni hii: kampuni hainunui wewe, inanunua njia ya kufikia watu wako. Cheki Kaluhi's Kitchen ya Kaluhi Adagala. Mtu anayesoma pale jinsi ya kupika kuku anakaribia kununua mafuta, viungo, pengine hata sufuria. Bikozulu ya Jackson Biko nayo ina msomaji tofauti kabisa, yule hukaa chini akamaliza stori ndefu mpaka mwisho. Hakuna mahali hapo panapouza "kila mtu". Ukiambia kampuni blogu yako ni ya vijana wote wa Kenya, umewaambia hujui wasomaji wako.

So kabla ya kuandika pichi yoyote, keti na namba zako. Google Analytics na Search Console ni za bure. Ya kwanza inakuonyesha wangapi wanaingia na wanatoka wapi, ya pili inakuonyesha maneno waliyoandika Google mpaka wakakupata. Halafu pitia komenti. Komenti ya "hiyo unga umetumia ni gani?" ina thamani kuliko laiki mia, kwa sababu huyo mtu yuko dukani kwa akili yake tayari. Piga skrinshoti, futa jina la mtu, weka kando. Na kama wafuasi wako ni wa kununua, watu wa matangazo huona haraka. Wafuasi elfu hamsini na komenti nne za moto moto? Maze.

Tuchukue mfano. Tuseme blogu yako ni ya kupika ndani ya bedsita, mtungi wa gesi wa kilo 6, sufuria mbili, hakuna friji. Wasomaji 6,000 kwa mwezi. Si wengi, lakini ni wa aina moja, na hiyo ndiyo silaha yako. Unataka kampuni ya unga. Pichi utaiandika kwa Kizungu maana ofisi nyingi hubonga hiyo, lakini maana yake iwe hivi:

"Ninaandika kuhusu kupika kwa bajeti ndogo. Wasomaji wangu ni 6,000 kwa mwezi, wengi ni wa Nairobi na Kiambu, wanaoishi peke yao kwa mara ya kwanza. Makala yangu ya chapati ndiyo husomwa zaidi, na kwenye komenti huniuliza watumie unga gani. Njaanuari inakuja. Ningependa kuwafanyia makala matatu na video mbili za vyakula vya chini ya shilingi 200 kwa kutumia unga wenu, kisha niwape ripoti baada ya wiki mbili. Je, tunaweza kuongea dakika kumi wiki hii?"

Imetosha. Chini unaweka ukurasa mmoja wa PDF wenye namba zako na kazi zako mbili tatu nzuri. Stori ya vile ulianza blogu kwa simu iliyopasuka kioo iwache ya siku utahojiwa.

Hiyo pichi ya Njaanuari hutumi Januari. Unatuma Oktoba, kabla bajeti haijagawanywa. Hapa wengi hawashtuki: kila kampuni ina mwaka wake. Safaricom hufunga mwaka wa fedha Machi, EABL hufunga Juni, mabenki hufunga Disemba. Ukibisha siku za mwisho za mwaka wao utakuta pesa ama imeisha, ama kuna salio dogo linatafutwa pa kwenda. Ukibisha miezi miwili mitatu kabla mwaka mpya haujaanza, bado unaweza kuingia kwa mipango.

Na usitume kwa ile anwani ya "info". Ingia LinkedIn, tafuta meneja wa ile brandi yenyewe, si bosi wa kampuni nzima. Kampuni kubwa pia huacha kazi ya matangazo kwa mawakala kama Ogilvy, iliyo chini ya WPP Scangroup, kwa hivyo mtu unayemtafuta anaweza kuwa huko. Kama bado uko chini, kuna Wowzi, ambayo huchukua hata watu wenye wafuasi wachache. Huko kampeni huja na bei imeshapangwa, hakuna kubishana sana, lakini inakupa kazi ya kuonyesha. Usipojibiwa, kumbusha baada ya wiki moja, kisha mara ya mwisho baada ya nyingine mbili. Zaidi ya hapo ni kusumbua.

Sasa bei. Hakuna bei ya serikali. Hesabu siku utakazotumia, usafiri, vifaa, mtu wa kamera kama yupo, halafu uongeze thamani ya wale wasomaji. Lakini doo nyingi hupotea kwenye vitu ambavyo bloga hakuuliza. Je, picha zako zitabaki kwa blogu yako tu, ama zitatokea kwa bango la Thika Road mwaka mzima? Hiyo ni bei tofauti. Je, wamekukataza kufanya kazi na mpinzani wao miezi sita? Hiyo miezi sita inalipiwa, maana wamekufungia mlango wa watu wengine. Video itarudiwa mara ngapi wakisema hawajaipenda? Andika mara mbili, basi. Yote yaingie kwa mkataba, hata kama ni wa ukurasa mmoja.

Wakisema watakulipa kwa bidhaa, si lazima ukasirike. Katoni ya unga inaweza kukufaa kazi ya kwanza ukiwa huna chochote cha kuonyesha. Ya pili, waambie kwa heshima kuwa landlord wako hapokei unga.

Kuna dili pia ambazo zitakuja na pesa tamu na unafaa kukataa. Za kamari ni mfano. Mei 2025 bodi iliyokuwa ikisimamia kamari wakati huo, BCLB, ilitoa masharti yanayokataza maceleb na mainfluensa kutangaza kamari. Kando na sheria, hebu waza tu: mtu aliyekuamini ukimwambia unga gani anunue, sasa amepoteza renti kwa kale kandege. Huyo harudi kusoma mapishi yako.

Dili ikikubaliwa, omba nusu ya pesa kabla ya kuanza. Kampuni nyingi hulipa baada ya siku 30, 60, hata 90, na hizo siku huanza kuhesabiwa invoisi ikifika kwa watu wa fedha, si siku uliyoposti. Invoisi ya kuchora kwa Word watairudisha. Tangu Januari 2024, gharama ya kampuni isiyo na invoisi ya eTIMS inaweza kukataliwa na KRA ikija hesabu ya kodi, kwa hivyo jisajili mapema kwa PIN yako.

Halafu kuna ile 5%. Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka kodi ya zuio kwa mapato ya maudhui ya kidijitali (mswada ulikuwa umetaka 15%, watu wakapiga kelele). Ukiitisha KSh 40,000, kampuni inakata 2,000 inapeleka KRA, wewe unapokea 38,000. Hujaibiwa. Lakini hakikisha cheti cha hiyo 2,000 kimeonekana kwa iTax yako, kwa sababu ukifaili kabla ya Juni 30 inapunguzwa kwa kodi unayodaiwa. Isipoonekana, pigia mtu wa fedha wa hiyo kampuni, mpe namba ya invoisi na tarehe uliyolipwa, na usubiri kwa laini mpaka akuambie ameituma.