Nondo wa kijivu waliowapiga chenga wataalamu

Usiku stima ikiwa imewaka, nondo anaingia kejani, anagongagonga balbu, nawe unamtimua kwa kandambili. Basi. Nani ana wakati wa kumuuliza jina?

Kaskazini mwa Finland na Norway kuna watu wenye huo wakati, na wana sababu. Wanachunguza nondo wadogo wa kijivu wa jenasi ya Epirrita, wanaoruka majani yakianza kupukutika na baridi ikianza kuuma.

Shida ni kuwa wanafanana kama watoto waliovaa sare. Epirrita dilutata alipewa jina mwaka 1775, autumnata akafuata 1794. Wa tatu, christyi, alipata lake 1906. Mazee, zaidi ya karne nzima akipita tu mbele ya macho ya wasomi!

Mistari ya mabawa haiaminiki, kwa sababu hata ndani ya spishi moja kuna waliopauka na waliokolea. Kwa hivyo dume hupinduliwa, magamba ya ncha ya tumbo yakapanguswa kwa brashi, kisha vijino viwili vilivyo hapo vikatazamwa kwa lenzi. Umbali kati ya vijino hivyo ndio kitambulisho chake. Jike naye hupasuliwa, sehemu zake za uzazi zikaangaliwa kwa hadubini. Siku hizi DNA pia inasaidia.

Utasema, kwani iko nini?

Mwaka 1965 na 1966, viwavi wa autumnata walitafuna misitu ya mibetula kule Utsjoki, Finland. Miti mingi ilikufa kabisa, na mahali pengi msitu haukurudi. Hiyo ni nchi ya Wasami, wafugaji wa rendia. Mayai ya nondo huyu hukaa matawini majira yote ya baridi, na hufa baridi ikifika karibu nyuzi 35 chini ya sifuri. Dunia ikizidi kupata joto, mayai mengi zaidi yanapona. Ukikosea jina la nondo, umekosea pia hesabu ya hatari.

Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, na nimeshapachikwa majina na watu walionitazama mara moja tu. Labda ndiyo maana hawa nondo wamenigusa.

Leo usiku mmoja akiingia kwako, weka kandambili chini. Mwangalie vizuri kwanza.