Kampuni Moja, Majina Kibao: Hoteli za Kifahari Zinatuuzia Nini?

Mama alipokaribia kutimiza miaka 60, mimi na dada yangu tuliamua kumpeleka akalale usiku mmoja kwenye hoteli ya maana hapa London. Si kunywa chai, kupiga picha mbili tatu na kurudi nyumbani. Kulala kabisa. Wengi wenu mnamjua mama kwa sauti, maana kila tukirekodi nyumbani lazima apite nyuma yetu akiuliza nani hajala. Msichokijua ni kwamba alisafisha vyumba vya hoteli katikati ya jiji hili kwa miaka 17. Aliingia kwa mlango wa nyuma, akatoka kwa mlango wa nyuma, na hakuwahi hata siku moja kulala kwenye kitanda alichokitandika.

Basi nikashika simu nikaanza kutafuta. Nikabaki na nne: W ya Leicester Square, EDITION ya Berners Street, JW Marriott Grosvenor House ya Park Lane, na Bulgari ya Knightsbridge. Picha tofauti, bei tofauti, hata namna ya kuongea ni tofauti. Moja inakuita uje ucheze, nyingine inanong'ona kama iko msikitini. Nilipoanza kusoma yale maandishi madogo ya chini kabisa ndipo nikashtuka. Zote nne ziko chini ya jina moja: Marriott.

Ni kama kusimama dukani unachagua kati ya sabuni nne zinazogombana kwenye rafu, kumbe zimetoka kiwanda kimoja. Nikajiuliza, sasa nachagua nini hasa?

Walifikaje hapo

Marriott yenyewe haikuanza na hoteli. Ilianza mwaka 1927 mjini Washington kama kibanda cha vinywaji chenye viti tisa, cha J. Willard Marriott na mkewe Alice. Hoteli zilikuja baadaye. Mwaka 1995 kampuni ilinunua asilimia 49 ya Ritz-Carlton. Mwaka 2016 ikainunua Starwood kwa takriban dola bilioni 13, na humo zikaja St. Regis, W na The Luxury Collection. Leo ina chapa zaidi ya 30.

Mtu wa kawaida angesema, si waunganishe tu? Hoteli zote za kifahari zipewe jina moja, yaishe. Lakini hawafanyi hivyo, na sababu ni mbili.

Ya kwanza tunaijua: wateja hawafanani. Mwenye pesa wa miaka 28 anayetaka muziki na mwenye pesa wa miaka 65 anayetaka kunyooshewa shati hawatafuti kitu kimoja. Ukiwaweka pamoja, wote wawili watanung'unika.

Ya pili haizungumzwi sana, nayo ndiyo iliyonifungua macho. Kampuni hizi kubwa, kwa sehemu kubwa, hazimiliki majengo. Jengo ni la mtu mwingine: familia tajiri, mfuko wa uwekezaji, wakati mwingine serikali. Kampuni ya hoteli inaleta jina, mfumo wa kuweka nafasi na namna ya kuendesha, halafu inachukua sehemu ya mapato. Wakati mwingine hata haiendeshi, inakodisha jina tu.

Mfano mzuri ni Waldorf Astoria ya New York. Mwaka 2014 Hilton ilikubali kuliuza jengo lile kwa kampuni ya bima ya China, Anbang, kwa dola bilioni 1.95. Lakini Hilton haikuondoka. Mkataba uliipa haki ya kuendelea kuendesha hoteli kwa miaka 100. Yaani waliuza kuta, wakabaki na jina.

Sasa fikiria wewe ndiye mwenye jengo. Umelipia jina zuri. Utakubali jina hilohilo lifunguliwe mtaa wa pili likunyang'anye wageni? Hukubali. Ndiyo maana mikataba mingi inaweka mipaka ya eneo. Na dawa ya kampuni kwa mipaka hiyo ni kuwa na jina lingine. Mji uleule, kampuni ileile, mlango mwingine. Kwa hiyo kila jina lazima liwe na hadithi yake, la sivyo mwenye jengo atauliza analipia nini.

Kila jina na hadithi yake

Ritz-Carlton wanauza huduma. Wafanyakazi wao hufundishwa kwamba wao wenyewe ni mabibi na mabwana wanaowahudumia mabibi na mabwana. Na si maneno tu: wanajulikana kwa kumruhusu mfanyakazi wa kawaida kutumia hadi dola 2,000 kumtatulia mgeni mmoja shida yake bila kumuomba meneja ruhusa. Na hapa niwaokoe na aibu niliyoipata mimi mbele ya watu: The Ritz ya Piccadilly, iliyofunguliwa mwaka 1906, haimo katika kampuni hiyo. Zote mbili zinabeba jina la mtu mmoja, César Ritz, lakini ni biashara mbili mbalimbali.

St. Regis wanauza ukoo. Ya kwanza ilijengwa New York mwaka 1904 na tajiri John Jacob Astor IV, yule aliyekufa kwenye Titanic. Alama yao ni mhudumu binafsi, wa kukufungulia sanduku na kukunyooshea nguo, kana kwamba nawe una nyumba ya urithi yenye watumishi.

W, iliyoanza New York mwaka 1998, inauza usiku: muziki, taa, baa. EDITION ilibuniwa na Marriott pamoja na Ian Schrager, mmoja wa waliofungua klabu ya Studio 54 mwaka 1977. Ungetegemea kelele, lakini yeye alikwenda upande wa pili: rangi chache, mwanga hafifu, vitu vichache. Bulgari ni masonara wa Roma tangu 1884, na hoteli yao ya kwanza ilifunguliwa Milan mwaka 2004. Wao wanauza uhaba. Hoteli zao duniani ni za kuhesabu, na hilo ndilo linalowapa bei.

Hyatt nao wana mchezo huohuo. Grand Hyatt ni kubwa, ya shangwe na mikutano. Park Hyatt ni ndogo zaidi na tulivu. Andaz inajinasibu na mtaa ilipo, na ya kwanza ilifunguliwa hapahapa London, Liverpool Street, mwaka 2007. Jina ni neno la Kihindi na Kiurdu lenye maana ya mtindo, lakini nendeni mkamwambie mama. "Andazi? Hoteli nzima wameiita andazi?"

Mama anauliza yake

Nilikuwa nimeandaa kila kitu, hata jedwali la kulinganisha. Si mnanijua. Nikamsomea mama: hii huduma, hii ukoo, hii muziki, hii uhaba. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Haya, na wanaosafisha wanapewa vyumba vingapi kwa siku?"

Sikuwa na jibu. Hakuna tovuti inayoandika hilo.

Mama alikuwa anapewa vyumba 16 kwa zamu moja. Kila chumba kikimtoka dakika za ziada, dakika hizo alizilipa yeye, kwa kukosa kula mchana. Hoteli ile, nisiyoitaja, wakati ule ilikuwa imebadilisha jina. Mlangoni wakaweka maua mapya, bei ikapanda, wafanyakazi wakafundishwa salamu mpya. "Lakini vyumba vilikuwa vilevile 16," alisema. "Jina lilipanda cheo. Sisi hatukupanda."

Nimefanya kazi ya masoko miaka kumi, na hakuna aliyewahi kunieleza biashara hii vizuri hivyo. Ahadi inaandikwa na watu kama mimi, ofisini, kwa kompyuta. Inatekelezwa na watu kama mama, kwa mgongo. Zile dola 2,000 za Ritz-Carlton zina maana kwa sababu zinamgusa mfanyakazi mwenyewe, zinamwambia kwamba anaaminiwa. Harufu maalumu ya ukumbini haimwambii lolote.

Nikajaribu njia nyingine. Nikamwonyesha picha ya Park Hyatt ya Zanzibar, nikamwambia tukienda Unguja mwakani tutafikia hapa. Akaivuta simu karibu na macho.

"Hii si Mambo Msiige?"

Ndiyo, ni Mambo Msiige, ile nyumba kongwe ya Shangani. Hoteli ilifunguliwa humo mwaka 2015, pamoja na jengo jipya la pembeni. Mama akaanza kunisimulia ile hadithi ya wazee, kwamba mwenye nyumba alichanganya mayai kwenye chokaa ili kuta ziwe imara, watu wakashangaa gharama, jina likatokea hapo: mambo haya, msiyaige. Mimi nikacheka peke yangu. Kampuni za hoteli zinalipa wataalamu pesa nyingi watafute maneno ya kusema "sisi hatufanani na wengine". Shangani walishalisema kwa maneno mawili, bila mtaalamu.

Kwa mama, jina lililoandikwa mlangoni sasa ni la mpangaji. Nyumba ina jina lake.

Tulikwenda wapi

Tulikwenda, ndiyo. Hoteli ni mojawapo ya zile nne, na sisemi ipi kwa sababu mama hataki. Alikaguliwa chumba? Hapana, yeye ndiye alikikagua: nyuma ya mlango, chini ya kitanda, pembe za shuka. Akaridhika. Alioga saa nzima. Usiku tuliagiza chakula, akasema chumvi haitoshi, akala chote.

Asubuhi nilipofika kumchukua nikamkuta ameshatandika kitanda mwenyewe, pembe zimekaa kama za jeshini. Taulo zote zimekusanywa mahali pamoja. Juu ya mto kaweka noti ya pauni 20 na karatasi ya asante.

"Mama, umelipiwa usifanye kazi."

"Nimempunguzia mmoja," akasema. "Leo atakula mchana."

Kwa hiyo mkienda, iwe fungate au safari ya kikazi, furahieni, sina neno. Ila jiulizeni mambo matatu: jengo la nani, jina la nani, na nani anayebeba ahadi ile mpaka chumbani. Mawili ya kwanza mtayapata mtandaoni. La tatu mtamkuta koridoni anasukuma kigari. Msalimieni.

Na kama mzazi wako naye aliwahi kufanya kazi hotelini, iwe Muscat, Dubai, Minneapolis au hapa, muulize alikuwa na vyumba vingapi, kisha tutumie ujumbe wa sauti. Tutazisikiliza pamoja kwenye kipindi kijacho. Mama kasema na yeye atakaa kwenye maikrofoni safari hii, maana sisi hatujui kuuliza.