Upana na Hatua: Uhakiki wa Bufa katika Viendeshi vya Picha

Kila picha ionekanayo kwenye skrini ya kompyuta huwa kwanza imewekwa katika sehemu ya kumbukumbu iitwayo bufa. Sehemu hiyo husimamiwa na kiendeshi, yaani programu ya mfumo endeshi inayoongoza mtambo wa kuonyesha picha. Mitambo mingi haikubali mstari wa picha uanzie popote. Hudai uanzie kwenye baiti ambayo namba yake hugawanyika kwa 64, au kwa kiasi kingine kilichowekwa na waundaji wake.

Tuchukue skrini ya pikseli 1366 kwa mistari 768, kila pikseli ikiwa na baiti 4. Mstari mmoja una baiti 5464. Idadi hiyo haigawanyiki kwa 64, kwa hivyo hupandishwa hadi 5504, na baiti 40 za mwisho hubaki pengo. Hapa ndipo istilahi mbili zinapohitajika: upana, ambao ni mstari uonekanao, na hatua, ambayo ni umbali kutoka mwanzo wa mstari mmoja hadi mwanzo wa mstari ufuatao. Programu ikiandika kwa upana ilhali mtambo unasoma kwa hatua, picha hupinda, kila mstari ukihama pikseli 10. Aidha, bufa iliyotengwa kwa upana hupungukiwa na baiti 30,720, na mtambo huweza kusoma kumbukumbu isiyo yake.

Uhakiki basi huangalia mambo matatu. Kwanza, anwani ya mwanzo: kwa kuwa 64 ni 2 kwa kipeo cha 6, tarakimu 6 za mwisho za anwani katika namba za jozi sharti ziwe sufuri. Pili, hatua igawanyike vivyo hivyo, wala isiwe fupi kuliko upana. Tatu, hatua mara idadi ya mistari isizidi ukubwa wa bufa. Zao hilo lisikokotolewe kwa biti 32 pekee, kwani likipita 4,294,967,295 huanza tena kwenye sufuri, na dai kubwa huonekana dogo. Kiini cha Linux hulikokotoa kwa biti 64. Tena programu inayoomba bufa sahili huambiwa hatua na kiini, haiikisii.

Yafaa, kwa hivyo, wafasiri wa istilahi wasitumie upana kwa dhana zote mbili. Neno hatua lataja mwendo wa mtambo wenyewe, na kosa linalohofiwa huanzia pale dhana hizo zinapochanganywa.