Kitabu cha Safari ya Watu Wasiorudi Kwao

Vitabu vya safari hupendeza, lakini si kila msafiri aliondoka nyumbani kwa hiari yake. Mwaka 1934 kitabu cha James Mbotela kiitwacho Uhuru wa Watumwa kilipigwa chapa London. Chaeleza jinsi watu wa bara walivyotekwa, wakaendeshwa kwa miguu hadi pwani, wakapakiwa majahazini, kisha wakaokolewa baharini na manowari za Waingereza.

Wengi hawakuweza kurudi, kwa maana kwao kulikuwa mbali na njiani mlikuwa na hatari ya kutekwa tena. Basi mwaka 1875 Wamisionari wa C.M.S. waliwaanzishia kijiji cha Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Hapo watu wa makabila mengi walijifunza kazi, wakaoana, na Kiswahili kikawaunganisha. Kengele iliyowaonya adui alipokaribia ndiyo asili ya jina Kengeleni, litumikalo hata leo.

Wahenga walisema, "Mwacha asili ni mtumwa." Lakini watu hao hawakuiacha asili yao, walinyang'anywa. Mbotela, aliyekuwa mtoto wa mmoja wao, aliiandika habari hiyo ili vizazi vya nyuma vijue vilikotoka. Ajuaye njia waliyopita wazee wake hawezi kuitwa mgeni mahali walipojenga.